Nimemsema ami yangu kwa shairi. Je, nimekosa?

*“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 23, mkaazi wa Langoni, Lamu. Marehemu bibi yangu mzaa baba aliacha shamba la minazi. Alipofariki, ami yangu mkubwa aliliuza, na ndugu zake, akiwemo baba yangu, hawakuona kitu. Niliumia. Nikatunga shairi la beti saba, nikalighani kwenye usiku wa mashairi hapa mtaani. Watu walishangilia mno. Jina la ami sikulitaja, lakini Lamu ni Lamu. Kumbe kuna aliyenirekodi kwa simu. Sauti ikaenda WhatsApp ikafika Mombasa, ikafika hadi kwa jamaa zetu Masqat. Sasa ami hasemi na baba. Mama anasema mashairi ya wazee wetu yalikuwa ya dini na nasaha, haya ya kusemana tumeyatoa shuleni. Kaka yangu anasema sanaa ni kioo cha jamii, asiyeipenda sura yake asikilaumu kioo. Nimealikwa kulighani tena huko kwenu Malindi. Je, nighani? Nimuombe radhi ami? Na je, anaweza kunishtaki? Nakuandikia ubeti wa pili uuone.*

*Ami umeuza shamba, minazi mali ya watu,*
*Ukapata cha kutamba, ukasahau na utu,*
*Sisi twasuka makumba, hata mnazi si wetu,*
*Mwizi hapandi kwa kamba, yu ndani ya nyumba yetu.”*

Marahaba, mwanangu. Niseme la kwanza kabla sijasahau: ubeti huu ni mzuri. Mizani imetimia, vina vimekaa, na huo mshororo wa makumba ungenisimamisha hata kama ningekuwa napita njia. Watu wanaosuka makuti ya mnazi ambao si wao! Hapo umesema habari ya familia moja na ya nusu ya pwani yetu kwa pumzi moja. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayekwambia uache kutunga.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zilizofungwa kitita kimoja. Ya kwanza ni kama mshairi ana ruhusa ya kuikosoa jamii yake, hata walio wakubwa wake. Ya pili ni ya nyumbani kwako: umemvua nguo ndugu wa baba yako mbele ya watu, na sasa hujui pa kushika. Tuzifungue, maana jibu la ile ya kwanza halitibu ya pili.

Kwa heshima zote, mama yako hakumbuki sawa. Washairi wa zamani wa mwambao walisemana, tena sana. Katika vita vya Kuduhu, ndivyo hivyo vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipigana na kisiwa jirani cha Pate na Mombasa kwa silaha, na washairi wa pande hizo wakapigana kwa beti. Shairi likitoka huku linajibiwa kule, kwa bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa shairi, na vina vile vile, kila mmoja akitafuta kumpiku mwenziwe kwa lugha. Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa kiongozi wa watu na mshairi kwa wakati mmoja. Hakuona kama hizo ni kazi mbili. Kule Mombasa, Muyaka bin Haji alitunga akiwatetea Wamazrui, watawala wa Mombasa wa zama hizo, na kumkejeli Seyyid Said wa Zanzibar, tena wakati ambapo kumkejeli Seyyid Said hakukuwa mchezo.

Na wanawake? Muulize mama nyimbo za vugo zinasemaje. Hao kina mama wanaogonga pembe za nyati harusini hawamwimbii bwana na bibi harusi peke yao. Kuna beti zinazorushwa kwa jirani aliyejitia, kwa mawifi, kwa familia iliyovunja ahadi. Vyama vya lelemama vya Mombasa navyo vilikuwa na ushindani wa kuaibishana hadharani kiasi kwamba mtu alijichunga mwenendo wake asije akaimbwa. Pengine mama mwenyewe ameshaitikia nyimbo za aina hiyo akiwa amejifunga leso kiunoni. Hakuona kuwa ni ushairi wa kukosoa kwa sababu ulikuwa umekaa mahali pake.

Ama hiyo dini anayoitaja, nayo haikuwa kimya kamwe. Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kila mtu anaihesabu kuwa kazi ya kidini, na ni kweli. Lakini isome tena uone inamwambia nani. Inawaambia matajiri wa Pate, waliokuwa na majumba ya taa na vyombo vya Kichina, kwamba haya ndiyo yaliyowapata:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*Sasa walaliye wana wa nyuni*

Pale ukutani palipopangwa sahani za fahari, sasa makinda ya ndege ndiyo yanayolala. Mtu huyo anahubiri, na papo hapo anaisuta tabaka nzima ya watu wa mji wake, tena watu wa nasaba kama yeye. Karibu na zama zetu, Lamu hiyo hiyo imekuwa na Ustadh Mau, imamu wa msikiti na mshairi, ambaye tungo zake zimegusa mambo ya mtaani ya kila siku, malezi na udanganyifu wa mapenzi yakiwemo. Kwa watu kama hao, mimbari na kalamu havikugombana kwa sababu ya kukosoa.

Hapo nina la pembeni, kwa kuwa wewe ni mtu wa Langoni na huenda hukuhadithiwa hivi. Maulidi ya Lamu, ambayo leo hujaza mji kila Mfungo Sita kwa wageni wa Afrika Mashariki nzima, yaliwahi kuwa ugomvi mkubwa. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akaweka makaazi upande huo wenu mwishoni mwa karne ya 19, aliwasomesha watu ambao waungwana wa Mkomani, mtaa wa kale wa mji, hawakuwaona kuwa wanastahili elimu: waliotoka utumwani, wageni, watu wa chini. Akayaleta maulidi yanayosomwa kwa matari. Waungwana walilalama: ngoma msikitini, na watu hao! Ubishi ule ulikuwa juu ya nani anahesabiwa kuwa mtu kamili katika mji. Matari yalikuwa mlango tu wa kuingilia hoja. Msikiti wa Riyadha ndio uliobaki kuwa ushahidi wa nani alishinda. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba desturi ya Lamu ni utulivu na kutii, mkumbushe kwamba sehemu kubwa ya desturi hiyo ilianza kama usumbufu.

Sasa kaka yako. Namuelewa, msemo wake unasikika vizuri, na shuleni tumewakaririsha wenyewe sisi walimu. Lakini kioo hakichagui. Kioo huonyesha kilichosimama mbele yake, chote, bila kupenda wala kuchukia. Mtunzi huchagua. Mtunzi wa Al-Inkishafi angeweza kueleza vita, biashara iliyohama na bandari iliyoshindwa, mambo ambayo ndiyo yaliyoiangusha Pate. Yeye akachagua madaka, bundi na kuta zilizobomoka. Katika kuchagua kuna hukumu, na aliyehukumu anaweza kuulizwa: mbona umechagua hiki ukaacha kile? Kusema “mimi ni kioo tu” ni kukimbia swali hilo.

Tena kazi moja huweza kuakisi jamii na kuikwaruza kwa wakati mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimwambia alete wino na karatasi apokee wasia. Wasia wenyewe umejaa utiifu kwa mume, na wapo wanafunzi wangu wa kike wanaoukasirikia mwanzo hadi mwisho. Nawapa haki yao. Lakini huyo ni mwanamke wa karne ya 19, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, anayeketi na kutoa kanuni za nyumba na za watu kwa ulimi wake, kwa bahari ya kishairi, na jina lake likadumu kuliko la watawala wengi waliokuwa na mizinga. Kilichosemwa kinaiakisi jamii yake. Kitendo cha kusema kinaipa changamoto. Mimi nauona hivyo, na wenzangu wengine wananipinga; si vibaya.

Basi ruhusa unayo, tena ni ya urithi. Tuje kwenye lile linalokunyima usingizi.

Kwa nini shairi la kukosoa huvumilika pale ambapo maneno hayo hayo yakisemwa kavu yangeleta ngumi? Mimi naona sababu ziko kwenye ufundi wenyewe. Kwanza, kipimo kinapoza. Mtu aliyekasirika hawezi kuhesabu mizani nane kwa nane bila hasira kupungua kidogo. Atalazimika kutupa tusi la kwanza lililomjia kwa kuwa halina kina, na la pili vilevile, mpaka afike kwenye neno ambalo amelifikiria. Wasikilizaji nao wanajua hivyo, kwa hiyo wanalipokea kama jambo lililopimwa.

Pili, fumbo. Vijana wengi hunambia fumbo ni woga, ni mambo ya zamani za kuogopa masultani. Sikubaliani. Fumbo humpa anayesemwa mlango wa kutokea. Akitaka, anajifanya hakuelewa, anakwenda nyumbani, anajirekebisha kimyakimya na heshima yake iko mkononi. Akikataa, wote waliokuwapo wanajua kwamba alijua. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na barazani wajinga ni wachache. Mtu uliyemfungia milango yote hana la kufanya isipokuwa kupigana nawe, hata kama moyoni anajua amekosa. Nadhani hapo ndipo alipo ami yako sasa.

Unasema hukumtaja. Mwanangu, neno la kwanza la ubeti wako ni “Ami”! Na ami zako wako wangapi waliouza shamba?

Tatu, na hii kwangu ndiyo kubwa: kujibizana. Shairi la mwambao halikuwa neno la mwisho. Lilikuwa mwaliko. Ukirusha, unangoja, mwenzio akikujibu kwa bahari yako na vina vyako amekuheshimu hata akiwa anakuchana. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa uchaguzi uliowagawa watu wa Lamu pande mbili, mashairi yaliyokuja kujulikana kwa jina la Kimondo yalirekodiwa kwenye kaseti na kuzunguka mji mzima. Yalikuwa makali, mengine makali mno. Lakini jibu nalo lilirekodiwa, likapita njia zile zile, masikio yale yale yaliyosikia shtaka yakasikia utetezi. Simu yako imefanya nusu ya kazi hiyo. Sauti yako imefika Masqat kwa watu wasiojua kama bibi aliugua wala kama kulikuwa na deni. Sauti ya ami haijafika popote. Pale mtaani waliokusikiliza wanaijua familia yenu, wangeweza kupima wenyewe. Kule ilikofika, wamepata hukumu bila kesi.

Hilo si kosa lako lote, maana hukujirekodi. Ila ndilo tatizo lenyewe, na ndilo unaloweza kulishughulikia.

Nikutolee mfano wa mtu wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kwa lugha ya wazi, “Kenya: Twendapi?”, akiihoji serikali. Alikaa gerezani miaka mitatu. Humo ndani alitunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kama Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho kikapewa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Sikwambii hivi ili uone kwamba fumbo hushinda uwazi siku zote. Karatasi ile ilikuwa ya lazima, na yeye alilipa gharama yake akijua. Nakwambia kwa sababu ndani ya kitabu hicho kuna shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi. Ndiyo, mnazi, kama wenu. Kila ndugu anapewa beti zake, anatoa hoja zake kwa nguvu zote, na msomaji ndiye anayebaki na mzigo wa kuamua. Wengi tunalisoma kama habari ya nchi nzima. Lingekuwa na sauti ya ndugu mmoja peke yake, lingebaki kuwa kesi ya shamba.

Hicho ndicho kinachokosekana kwako, na sasa nasema kama mwalimu wa ushairi, nimeiweka kando suluhu ya familia. Katika beti ulizoniletea habari zake, ami anasemwa tu. Na wewe mwenyewe hauko, isipokuwa kama mwenye kuonewa. Mtunzi wa Al-Inkishafi anaanza kwa kuusuta moyo wake mwenyewe; ndipo anapata ulimi wa kuwasuta wengine. Kama bibi aliugua, wewe ulikuwa wapi? Baba yako alisaini nini, au alikataa kusaini nini? Nani alikuwa akilitunza shamba hilo, akipanda na kupalilia, kabla halijawa na bei? Sijui majibu, na inawezekana yote yako upande wako. Lakini shairi lisilojiuliza linachosha haraka baada ya makofi.

Jaribu hivi. Andika beti saba za ami. Usimfanye mjinga wala usimfanye shetani anayejisema. Mpe hoja bora anayoweza kuwa nayo. Nimekuanzia mmoja, wa kubuni kabisa:

*Hukuwako hukuona, bibi yuko kitandani,*
*Usiku hata mchana, nakopa kwa majirani,*
*Na nyote mlijibana, hela zenu mfukoni,*
*Leo mumenipa jina, mwizi mbele za wageni.*

Huenda ami yako hana hoja hii hata kidogo. Huenda aliuza akajenga, basi. Lakini ona kinachotokea ubeti huu ukiwekwa baada ya wako: ule wako wa makumba haupungui uchungu, unaongezeka, kwa sababu sasa shamba halikuliwa na mwizi mmoja. Limeliwa na ugonjwa, na bei ya dawa, na ndugu waliotazamana, na wanunuzi wenye fedha taslimu wanaojua ni familia gani imebanwa. Hiyo ndiyo hadithi ya mashamba mengi ya pwani. Ami mwenye hoja anaifanya jamii nzima ishtuke. Ami mwizi anaifanya jamii ifurahi kwamba mwizi si yeye. Wale walioshangilia usiku ule, mwanangu, walishangilia kwa raha gani?

Lakini nisikupotoshe ukadhani kila mara lazima umpe mwenzako nafasi. Ukubwa wa mkosaji unabadili hesabu. Serikali, kampuni, tajiri mwenye magazeti na mawakili wana sauti tayari, hawahitaji beti zako kuwatetea. Huko unaweza kusema wazi, ukijua gharama. Ami yako, hata akiwa amekosa, ni mzee wa mtaa mmoja ambaye silaha yake pekee ni kuacha kusema na baba yako.

Kuhusu kushtakiwa: mimi si wakili, kwa hiyo chukua haya kama mwanga wa kwanza tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, sanaa ikiwemo, na hapo hapo inakutaka uheshimu haki na sifa za wengine. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kukashifu lililokuwa katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo kukamatwa kwa kukashifu tu kwa kifungu kile hakupo tena. Kesi ya madai, ya kudai fidia, ipo bado. Na iko pia sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018; wakili atakwambia kama inakugusa. Kuwa limeghaniwa kwa vina hakulifanyi neno “mwizi” kuwa si neno “mwizi”. Ami akienda kwa wakili, utaulizwa: unaweza kuthibitisha? Kama barua ya wakili imefika au ikifika, usiijibu kwa shairi, wala usiijibu mwenyewe kwenye WhatsApp. Ipeleke kwa wakili ana kwa ana. Na kama kuna aliyekutishia kukupiga au kukudhuru, hayo si mambo ya fasihi tena. Nenda kituo cha polisi na mtu mzima unayemwamini, uandikishe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, upewe namba.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza na naona ni zito kuliko yote. Shairi halirudishi shamba. Kama bibi alifariki na mirathi haikugawanywa, warithi wana haki zao, na mahali pa kuzidai ni kwa Kadhi hapo Lamu, ambaye Katiba imempa mambo ya mirathi ya Waislamu. Kama ardhi ina hati na mauzo hayajakamilika, wakili anaweza kuwaambia kama kuna njia ya kuweka zuio ofisi ya ardhi. Yakishakamilika, huenda mkajikuta mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi. Baba yako ndiye wa kwenda, na karatasi zote alizonazo, tena mapema. Wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipopata hukumu Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018, iliyoamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, walikwenda na ushahidi. Nyimbo na mashairi huwapa watu moyo wa kufika mahakamani. Mbele ya hakimu kinachosomwa ni nyaraka.

Sasa radhi. Ningekuwa wewe ningeomba, ila ningejua naomba radhi ya nini. Ya namna, sio ya jambo. “Ami, nimekosa kukusemea hadharani kabla sijaja kwako” ni sentensi ambayo unaweza kuisema bila kuongopa. “Ami, hukukosa” ni nyingine, na hiyo hulazimiki kuisema. Usiende peke yako na usimtume baba, kwa vile wao wawili hawasemi. Tafuta mzee ambaye ami anamstahi, shangazi hasa, maana dada yao amelala kwenye tumbo lile lile na shamba lile lilikuwa la mama yake pia. Usiende na simu mkononi. Akikufukuza, toka kwa adabu, umeshafanya lako.

Kutumia jina la kupanga, kama ulikuwa unalifikiria, sikushauri. Lamu watakujua kwa sauti kabla hujamaliza ubeti wa kwanza.

Malindi njoo. Lakini shairi hilo usililete lilivyo. Lilete likiwa na sauti mbili, na ukimpata mtu wa kughani beti za ami, mwanamume mwenye sauti nzito, hapo utaona ukumbi utakavyonyamaza. Waombe waandaaji, kama kuna kurekodi, irekodiwe kazi nzima na isikatwe vipande. Hawataweza kuzuia kila simu, ila angalau nakala kamili iwepo.

Beti za ami ukishazimaliza nitumie, kwa maandishi sio kwa sauti, kwani nataka kuhesabu mizani. Na hizo beti nyingine za kwanza nazo zilete zote. Kwa jinsi ulivyoandika ubeti wa pili, nina shauku ya kujua wa kwanza ulifunguaje.